Wa Kumwachia Mgonjwa Hatuna

Mgeni rasmi, madaktari na wauguzi wa zahanati hii, majirani zetu,

Karibu katika chumba hiki cha mazoezi ya viungo. Sisi ni watu tunaouguza jamaa zetu nyumbani. Utuwie radhi kwa uchache wetu: viti vitupu unavyoviona vina wenyewe, ila wamekosa wa kumwachia mgonjwa.

Tulikotoka

Tulianzia kwenye benchi hapo nje, tukisubiri wagonjwa wetu wanyooshwe viungo. Fundi cherehani mmoja, ambaye sote tunamwita Dada Mkubwa, alimuuliza aliyeketi karibu naye, "Na wewe mgongo unakuuma?" Tukacheka sote, kisha mmoja wetu akalia. Tangu hapo tunakutana.

Mafanikio

Tumefundishana kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumlisha asipaliwe, kumwogesha bila kumvunjia heshima. Tumejifunza pia kutukanwa na mtu tunayempenda huku tukimfuta mdomo.

Changamoto

Tukueleze ya Dada Mkubwa, maana ni yetu sote.

Mama yake alipooza upande mmoja. Ndugu wakakaa kikao, wakamwambia, "Wewe huna mume, na kazi yako ni ya nyumbani." Cherehani ikafunikwa shuka.

Mwezi uliopita, akimtoa mama bafuni, mgongo ukamshika ghafla. Wakaanguka wote wawili, wakalala sakafuni hadi jirani aliposikia. Daktari wa hapa akamwambia, "Pumzika, usinyanyue kitu kizito."

"Daktari," akamjibu, "hicho kitu kizito ndiye mama yangu."

Akaandikiwa dawa ya maumivu.

Kaka yake alipokuja kuwaona, alisimama mlangoni, viatu hakuvua. "Mbona mama amekonda hivi?" akauliza. Dada Mkubwa alituambia baadaye kwamba siku ile alitamani mama afe, kisha akaingia jikoni kumkorogea uji. Ameturuhusu tuliseme hili mbele yako. Wengi wetu tumewahi kulitamani, tukanyamaza.

Maombi

Sifa tumezisikia, zimetosha. Tunaomba mtu wa kutushikia zamu, japo nusu siku kwa wiki, nasi tulale. Tunaomba daktari akishampima mgonjwa, amtupie jicho na aliyemleta.

Mgeni rasmi, ratiba inasema sasa umkabidhi Dada Mkubwa cheti cha Mlezi Bora. Hayupo. Tulipompitia asubuhi alitujibu dirishani, "Nendeni tu. Nikitoka, mama atabaki na nani?"

Kwa hiyo tunakuomba umpelekee mwenyewe. Nyumba yake iko nyuma ya zahanati hii. Ukibisha hodi atakawia kufungua, kwa sababu ya mgongo; tafadhali usiondoke. Na ukishaingia, mwambie akalale kidogo, ukae wewe na mama.

Mungu akujalie afya, na siku utakapohitaji mikono ya mwenzio, uipate bila masimango.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanaouguza Nyumbani.
Imesomwa na dereva anayemuuguza mkewe, kwa niaba ya Dada Mkubwa.