Kata Isiyoumia

Benchi lililoegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi lina kanuni moja ambayo hakuna aliyewahi kuitamka: anayeketi pale asubuhi ni mzima. Nyapara akisimamisha gari huuliza, "Nani mzima?" na mikono huinuka kabla hajafunga kinywa; anayesita hubaki na kahawa yake. Kwa sababu hiyo fundi wa milango, ambaye kijiwe kilimbatiza Bawaba, alikuwa amejichagulia ncha ya benchi iliyogusana na nguzo, ili mtu asije akamgonga bega la kulia. Tangu alipoteleza kwenye ngazi, mkono wa upande huo haukupanda zaidi ya kidevu. Mara mbili kwa wiki alikuwa akipitia zahanati, chumba cha mazoezi ya viungo, huku nyumbani na kijiweni akiaga kwamba anakwenda kupima milango ya mteja.

Asubuhi moja alitokea huko na habari mbaya, na ilimbidi aitoe bila kuonyesha kwamba ilikuwa yake.

— Kile chumba cha viungo pale zahanati kinahamishwa. Mwisho wa mwezi kinakwenda kata ya pili, ng'ambo ya reli.

— Wewe umejuaje? aliuliza Mzee Timazi, mwashi aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyoketi wima, mgongo usigusane na ukuta hata kwa bahati mbaya.

— Nilikwenda kuutazama mlango wao, mzee. Unakwaruza sakafu.

Mlango ulikuwa ukikwaruza kweli. Hilo lilitosha kuwa ushahidi, ingawa halikuwa sababu.

Akawaeleza yaliyobandikwa kwenye ukuta wa zahanati. Wale watafiti wa afya waliopita baada ya mvua walikuwa wamechagua mitaa kwa kura, kisha wakaingia kila nyumba ya mtaa uliochaguliwa, wakiuliza kama katika mwaka uliopita kuna aliyeumia hata akashindwa kufanya kazi. Kwa kata ya mafundi, kura iliuangukia mtaa wa nyuma ya duka, wanakoishi wao wenyewe. Majibu yalipojumlishwa, kata yao ikawa ya mwisho kwa majeruhi. Iliyoongoza ilikuwa kata ya pili, yenye makarani na wenye maduka, na chumba kikapelekwa waliko wagonjwa.

— Makarani! alisema Redio, fundi umeme ambaye hunyamaza anapolala tu. Huko mtu akichanwa na karatasi anaomba machela.

Redio alishikilia kwamba utafiti wenyewe ni batili. Kata ina mitaa mingi. Mtaa mmoja unawezaje kuisemea yote? Mzee Timazi alilipinga hilo kwa utulivu. Anayeonja mchuzi, alisema, hamalizi sufuria, na wahenga walishasema haba na haba hujaza kibaba. Bawaba hakuona kibaba kilihusu nini, lakini hoja ya mchuzi aliiona ina uzito, na ilimsumbua: kama mwiko ulikuwa safi, basi kosa lilikuwa kwenye kilichoonjwa.

— Basi wamebadilisha majibu, Redio alisema. Yetu wamewapa wao, yao wametupa sisi.

— Kwa faida gani? aliuliza Bawaba.

— Kampuni za dawa, kaka. Wanatafuta kata yenye watu wazima ili wakaijaribie dawa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wanaficha hao!

Bawaba alihisi methali ile ikimgusa begani. Akanywa kahawa.

Mzee Timazi alikuwa na nadharia yake, na aliitoa kama mtu anayesoma hukumu. Huenda utafiti ni sahihi. Vumbi la saruji wamelivuta tangu ujana. Likikutana na jasho, huganda ndani ya mifupa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuvunjika.

— Sisi ni zege, alihitimisha. Zege haliumwi.

Redio alicheka hadi kahawa ikamwagika. Kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia, tangu uliponaswa na umeme, alikuwa akiuweka mfukoni.

Pembeni yao, juu ya ndoo aliyoipindua, aliketi fundi mmoja wa kupaka rangi, mwanamke aliyefika kijiweni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alikuwa amesikiliza yote bila kuingilia.

— Samahanini, wazee wangu, alisema. Walipofika kwenu, ninyi mliwajibu nini?

Redio alianza kufuta kahawa iliyommwagikia. Mzee Timazi aliitazama barabara. Bawaba alimkumbuka binti wa utafiti aliyesimama mlangoni pake jioni ile, akiuliza kwa upole kama humo ndani kuna aliyeumia. Bega lake lilikuwa limefungwa kitambaa chini ya shati. Lakini alichokisikia kilikuwa swali la nyapara, na mdomo ulijibu kwa mazoea: "Humu sote wazima." Mkewe, aliyekuwa akimenya viazi, aliinua macho, kisha akaendelea kumenya.

 Gari la nyapara likasimama.

— Nani mzima?

Mikono mitatu ilipanda. Wa Bawaba ulikuwa wa kushoto.

— Mimi goti linanisumbua, alisema yule dada, ila kupaka napaka vizuri.

Nyapara alimpita kwa macho kama anayeipita ndoo tupu, akawaonyesha wale watatu nyuma ya gari.

Bawaba alishika ubao wa gari kwa mkono mmoja, akaning'inia. Redio, bila kuuliza, alimsukuma kutoka chini kwa bega. Kisha Bawaba akamvuta Redio kwa mkono wake mzima, na wote wawili wakainama kumpandisha Mzee Timazi, aliyepanda wima, meno yamekazwa, kama mlango unaoingizwa kwenye fremu.

 Kutoka kwenye ndoo yake, yule dada aliwatazama mpaka gari likaondoka.