Moto wa Dija Kwenda Mkange

Baraza yetu iko mbele ya nyumba ya Bwanausi muuza kahawa, hapa Bagamoyo, karibu na uwanja ambako wapagazi hushusha pembe za ndovu. Tangu mke wangu Ashatu alipofariki mwezi wa Rajabu, mimi hufika mapema kuliko wote, kwa kuwa kwangu hakuwashwi moto. Baada yangu huja Mwinyimvua, msokotaji wa kamba za makumbi ya nazi, ambaye tunamwita Kamba. Kisha huja Mbaruku, aliyefanya kazi Unguja katika jumba lenye taa zisizotiwa mafuta. Huyo tunamwita Risasi, kwa sababu hamalizi kikombe bila kutaja masanduku ya madini ya risasi aliyoyaona huko.

Asubuhi ile mabishano yote yalikuwa juu ya moto wa Dija. Dija, binti wa mwisho wa Bi Sihaba, alikuwa anaolewa Mkange, ng'ambo ya Mto Wami. Katika ukoo wao, bibi harusi hubebewa moto kutoka meko ya mama yake hadi meko yake mapya, na njiani ni mwiko kuwasha kiberiti au kuomba kaa kwa watu. Moto wa dada yake ulizima mtoni, na mpaka leo mawifi humwita bibi harusi wa kiberiti. Msafara wa Dija ulikuwa uondoke kesho yake alfajiri. Bi Sihaba alikuwa amemwomba Mwinyimvua amtengenezee chombo ambacho moto hautafia ndani yake.

Mwinyimvua alikuwa amekwisha jaribu. Usiku alitia makaa ya mkoko katika chungu kikubwa, akafunika, akaziba kwa udongo pande zote, kama azibavyo mtungi wa mafuta ya nazi. Sasa alikiweka chungu mbele yetu, akabandua kifuniko. Makaa yalikuwa meusi, na baridi.

— Ulikiziba kweli? aliuliza Mbaruku.

— Hata sisimizi asingepenya.

— Basi umeuua mwenyewe, Kamba. Umeunyima pumzi.

— Na masanduku yako ya Unguja yanapumua?

Mbaruku hakuhitaji kuombwa mara mbili. Akaeleza kwamba mchana mashine ya makaa ya mawe huzunguka na kuyalisha yale masanduku. Ndani yake mna mabamba ya risasi yaliyozamishwa katika maji makali yanayotoboa nguo. Usiku mashine hulala, na taa zinaendelea kuwaka kwa kile kilichowekwa mchana. Akaapa kwamba itakuja siku mtu atatembea na nguvu hiyo mfukoni.

— Na kanzu isiungue?

— Isiungue. Tena atazungumza nayo, na mtu wa Bombei amjibu.

Bwanausi, aliyekuwa akimimina kahawa, hakukubali kuachwa nyuma. Alisema yeye atalivuna jua la kiangazi, alifungie ghalani, aliuze masika kwa pishi.

— Nani atanunua jua, Bwanausi?

— Wewe Kamba, wa kwanza. Makumbi yako masika hayakauki.

Tulikuwa tukicheka Bi Sihaba alipotokea. Tulimwamkia, akaitikia, macho yake yakiwa ndani ya chungu.

— Mwanangu anaondoka alfajiri. Mnacheka nini?

Akamgeukia Mbaruku, kwa kuwa alikuwa amemsikia tangu kona ya njia.

— Hayo masanduku yako, baba, ni moja kubwa au mengi?

— Mengi, Bi. Madogo madogo, yamepangwa safu. Moja likiharibika, hutolewa, mengine yakaendelea.

Bi Sihaba akakaa kwenye ncha ya baraza, jambo ambalo hatukuwa tumepata kuliona kwa mwanamke.

— Basi kwa nini sisi siku zote tunautia moto wetu wote katika chungu kimoja?

Mwinyimvua akakisukuma kando chungu chake, akaenda kutafuta vijungu.

Siku ile hatukubishana tena. Mwinyimvua alisokota makumbi mpaka yakawa magumu kama ufito, ili yaungue polepole. Bwanausi alitoa majivu yake yote ya kufunikia makaa. Mimi nilitoboa vifuniko vya vijungu kwa msumari, tundu ndogo ndogo, ili moto upate pumzi bila kupata upepo. Bi Sihaba aliwagawia wanawake wa msafara, kila mmoja kijungu chake, na akaamua kwamba kimoja kikizima ni halali kukiwasha kwa kingine, maana moto ni ule ule.

Waliondoka. Sisi tukabaki na kahawa, tukingoja habari.

Aliyeleta habari ni Mosi, mdogo wake bwana harusi, aliyekuja na kijungu mkononi. Alisema mtumbwi uliingiza maji Wami. Walipofika ng'ambo walifungua vijungu kimoja kimoja, vyote vyeusi, na Dija akaanza kulia. Katika cha mwisho, alichokibeba shangazi yake Somoe kichwani, walikuta wekundu wa kadiri ya punje ya mtama. Wakaupulizia kwa zamu. Kutoka hapo waliviwasha vyote, wakaingia Mkange vijungu vikitoa moshi na vigelegele vikisikika mpaka mashambani. Wifi mmoja alikuwa amesimama mlangoni na kiberiti tayari. Alikirudisha katika pindo la kanga.

Mwinyimvua alimkumbatia Mbaruku, na Bwanausi akakataa malipo ya kahawa kwa watu wote.

— Huu umetoka meko ya Dija, alisema Mosi, akikinyanyua kijungu. Bi Sihaba amekwisha pata wake. Amesema huu ufike nyumba ambayo moto umezima. Ni nyumba gani?

Mwinyimvua aliangalia miguu yake. Mbaruku alichungulia kikombe kitupu.

Nilisimama, nikakipokea.

Kesho yake nilikuwa wa mwisho kufika barazani. Bwanausi alininyooshea kikombe. Nikamwambia nimekwisha kunywa nyumbani.