Shangazi na Bakteria Wasiopenda Hewa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika maabara ya magonjwa ya utumbo ya hospitali yetu, Mkuu wa Maabara anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake liko mlangoni, lakini kuanzia mlinzi wa geti hadi mkurugenzi, wote humwita Shangazi. Wasifu huu niliumaliza Jumatatu, ukiwa mtulivu na wa heshima zake. Jumanne asubuhi matokeo yakatoka, nikauchana. Huu mnaousoma nimeuandika upya nikiwa bado nimejaa furaha, kwa hiyo mniwie radhi nikipaza sauti kidogo.

Shangazi aliajiriwa kupima choo cha wagonjwa wa kuhara. Wengi wakipangiwa meza hiyo huanza kuulizia uhamisho kabla ya chai ya saa nne. Yeye aliing'ang'ania, na alikuwa na sababu. Mdogo wake wa kiume, fundi cherehani, alikuwa ameanza kuugua uvimbe sugu wa utumbo: tumbo linamkata, choo kinatoka na damu, anapata nafuu miezi kadhaa, kisha ugonjwa unarudi palepale. Dawa za kutuliza uvimbe zilikuwepo. Jibu la kwa nini utumbo wake umemgeuka halikuwepo. Shangazi alirudi chuoni mara mbili huku akiendelea na kazi, akasomea vijidudu hadi shahada ya pili, akarejea na wazo moja kichwani: sehemu ya jibu wanayo bakteria wanaoishi tumboni.

Kwa wasomaji wetu wa idara ya uhasibu na stoo, nieleze kidogo. Tumboni mwetu wamejaa bakteria, na wengi wao hawana ubaya wowote. Wapo wanaovunjavunja mabaki ya chakula yaliyotushinda, na katika kazi hiyo wanatengeneza kitu kinacholisha ukuta wa utumbo na kuutuliza. Tatizo ni kwamba baadhi yao hawaivumilii hewa kabisa; oksijeni tunayoivuta sisi, wao inawamaliza.

Ndiyo maana Shangazi aliomba hema. Ni sanduku kubwa la plastiki angavu lililojazwa gesi isiyo na oksijeni, lenye mikono miwili ya mpira ambamo mtaalamu anaingiza mikono yake na kufanya kazi bila hewa kupenya. Aliliomba miaka na miaka, hadi mkurugenzi wetu akawa anapita ngazi za nyuma ili wasikutane. Shangazi naye akahamia ngazi za nyuma. Hema lilipofika, alilizunguka akiwa amejishika kiuno, kisha akatutangazia kuwa mwenye kinyaa asilisogelee.

Kwa wageni wa maabara alikuwa mkali kwa dakika kumi za mwanzo, baada ya hapo anakutafutia chakula. Kwenye harusi ya nesi wetu mmoja alipewa nafasi ya kutoa nasaha kwa maharusi. Alianza na uvumilivu, akateleza taratibu hadi kwenye utumbo mpana, na meza tatu za mbele ziliacha kula. Bwana harusi mwenyewe alisikiliza hadi mwisho na akauliza swali.

Kisha ukaja utafiti mkubwa. Tulilinganisha choo cha wagonjwa na cha watu wazima wa afya. Hao wa pili tulikuwa sisi wenyewe wafanyakazi, maana ni nani mwingine ungemwomba kitu hicho bila kugombana? Sahani za maabara tulizooteshea choo cha wafanyakazi ziliota bakteria wale wapole kwa wingi. Za wagonjwa zilikuwa tupu. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba tulikumbatiana. Shangazi akaalikwa kwenye mkutano wa kimataifa, akanunua viatu vipya, akajifunza kuvitembelea kwenye korido.

Wiki moja kabla ya safari, mdogo wake alikuja kliniki kuleta sampuli yake kama kawaida. Kufika kwenye foleni, akamwona mteja ambaye suti yake ilikuwa imekaa dukani bila mikono tangu msimu uliopita. Fundi akageuka kimyakimya, akapanda ngazi hadi kwa dada yake, akatumia choo cha wafanyakazi kilicho mlango wa pili. Sampuli ikaingia kwenye hema papo hapo. Siku chache baadaye sahani yake ilikuwa na vidoa vya bakteria wale wapole. Vichache, lakini vilikuwepo.

Tulidhani amepona. Hakuwa amepona, damu ilikuwa ikitoka vilevile. Tulidhani sahani imechafuka. Shangazi hakudhani kitu, alishuka kliniki akakaa kwenye benchi la wagonjwa asubuhi nzima, akitazama. Aliona vichupa vya wagonjwa vikiwekwa dirishani kwa nesi, vifuniko vimelegea, vikimsubiri tarishi ambaye naye ilimbidi apitie kwanza famasia na wodi ya watoto. Sisi wafanyakazi sampuli zetu zilitoka chooni moja kwa moja hadi kwenye hema. Hakuna aliyekosea kazi yake. Utaratibu ulikuwa wetu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeupanga.

Alipanda juu, akavua miwani.

"Wagonjwa hawakukosa bakteria," alisema. "Sisi ndio tumewaua bakteria wao njiani."

Mkurugenzi alimsihi aende mkutanoni kwanza, marekebisho yafuate. Shangazi alikataa. Aliandika barua ya kujiondoa siku hiyohiyo, na viatu vipya akavivaa kazini. Kilichomuuma hakikuwa safari. Miaka yote mdogo wake alikuwa akimuuliza kama humo ndani kuna kitu kimebaki au amekwisha kabisa, na hivi karibuni alikuwa amemjibu, kwa uchungu, kwamba hakuna. Sasa hakujua. Na kama tofauti yote ilikuwa kazi ya korido, basi wazo lililombeba tangu ujana lilikuwa hewa tupu, na muda wa kustaafu ulikuwa unabisha hodi.

Tukaanza upya. Kila sampuli, ya mgonjwa au ya mzima, ilifungwa palepale mlangoni pa choo ndani ya kopo lenye kifuko kinachonyonya oksijeni. Wafanyakazi nao tulitakiwa kushuka kliniki, kupanga foleni na kuacha makopo yetu yasubiri dirishani sawa na ya wengine. Mhasibu mkuu alionekana akilificha lake ndani ya koti na kusalimia watu kwa mkono mmoja tu. Mkurugenzi alileta la kwake mwenyewe, akasimama kwenye foleni bila kuruka mtu. Siku hiyo Shangazi alimsamehe ngazi na mengine yote.

Jumanne hii hesabu zikakamilika. Jamani, tofauti ipo! Ni ndogo kuliko ile tuliyotaka kwenda kuipigia tarumbeta, lakini ipo, na safari hii hakuna korido ya kuilaumu. Wagonjwa wanao bakteria wale wapole, ila wamepungua. Shangazi amenisimamia niandike pia kwamba bado hatujui kama wanapungua kwa sababu utumbo unaumwa, au utumbo unaumwa kwa sababu wamepungua. Nimeandika.

Simu ya kwanza haikupigwa kwa mkurugenzi, ilipigwa kwa fundi. Mikono ya Shangazi ilikuwa ndani ya hema, kwa hiyo nilimshikia simu sikioni, na fundi mwenyewe ameniruhusu kuyasimulia haya. Cherehani ilisikika upande wa pili, kisha ikanyamaza.

"Wapo," Shangazi alimwambia. "Wachache, lakini wapo. Nilikuambia vibaya, mdogo wangu."

Fundi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa ana wageni nyumbani:

"Sasa wanakula nini?"

Shangazi alicheka, akalia, na kwa kuwa mikono ilikuwa kwenye mpira, machozi nilimfuta mimi kwa leso yangu. Alipoitoa mikono, alikwenda ubaoni akaliandika swali lile kwa herufi kubwa, akatukabidhi chaki.

Shangazi, asante kwa ukali wa dakika kumi, kwa chakula, na kwa kutufundisha kurudi nyuma bila aibu. Tunakuombea afya njema, usingizi wa asubuhi na miaka mingi ya raha ukiwa na wako. Sampuli za kwanza za swali la mdogo wako zimeingia kwenye hema leo, na ya kwanza kabisa ni yake.