Ndege Aliyefungwa Nyuzi Mbili

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Sori, mlioko Macalder, na nyinyi wa Homa Bay mjini, punguzeni kelele kidogo. Leo tunamkumbuka Jedidah, mama wa kubanika samaki pale Sori. Jedidah aliyehesabu ndege. Alifariki mwezi wa tano, mwaka huu wa 1998.

Mume wake ni Wangwe, mtu wa Kehancha. Alikuja kuchimba dhahabu Macalder, akampata Jedidah, hakurudi kwao tena. Yuko nasi hapa studio, kofia magotini. Chai tuliyompa hajaigusa.

Mnakumbuka umeme wa ziwa ulivyokuja. Ofisi moja ilisimamisha mitambo ya upepo ndani ya maji. Ofisi nyingine ikaweka boya kubwa la kuvuna nguvu za mawimbi. Ya tatu ikavuta nyaya hadi nchi kavu. Ofisi tatu, wakubwa watatu, magari matatu. Nyumbani kwa Wangwe bado wanawasha koroboi.

Shakwe wakaanza kufa. Na shakwe ndio huwaonyesha wavuvi samaki walipo. Kila asubuhi Jedidah aliokota mizoga, akaifunga uzi mguuni. Mwekundu, ameuawa na mtambo wa upepo. Mweupe, nyaya. Kijani, boya. Kisha akawabanika kwa moshi wasioze.

"Nyar Karungu," Wangwe alimtania, yaani binti wa Karungu, "wateja watasema tunauza kuku wa ziwa."

"Wacha waseme. Wakubwa wakija, wataonja."

Halafu ikatangazwa kwamba mitambo kumi zaidi itajengwa kwenye mwamba ambapo shakwe hutagia. Jedidah alitaka jambo moja tu: wajumlishe vifo vyote kabla ya kujenga. Jambo moja tu, wasikilizaji. Akabeba gunia lake la ndege hadi kwenye mkutano wa ofisi zote tatu Homa Bay, akalimwaga sakafuni.

Afisa wa upepo akachagua wa nyuzi nyekundu. "Kumi na tisa. Mwaka mzima? Ni wachache." Wa nyaya akapata thelathini na mmoja. Wachache. Wa boya, wanane. Wachache pia.

"Na wote pamoja, bwana mkubwa?" akauliza Jedidah.

"Mama, mimi naandika wa kwangu."

Wangwe alikuwa ameketi nyuma. Yeye alichuja mchanga miaka saba Macalder. Anajua vumbi la leo na la kesho, ukiliweka kwenye karatasi moja, linakuwa dhahabu. Hakusoma, lakini hilo analijua.

Akabaki ndege mmoja sakafuni. Nyuzi mbili, nyekundu na nyeupe. Nyaya zilimvunja bawa, akaruka upande upande, mtambo ukammaliza.

"Huyo ni wa nyaya," akasema wa upepo.

"Nyaya hazikumuua," akajibu wa nyaya. "Mchukue wewe."

"Basi alijinyonga?" Jedidah akauliza. Watu wakacheka. Mkutano ukafungwa. Jedidah akamrudisha ndege wake kwenye gunia.

Januari hii mitambo ikajengwa mwambani. Mwezi wa tano Jedidah akashikwa na tumbo. Hospitali ya kwanza ikasema, "Huyu ni wa wilaya ile nyingine." Ya pili ikasema, "Mlianza kule, rudini kule." Wakageuza pikapu. Wangwe alikuwa amemshika mkono.

"Akaniita, 'Baba Mourine,'" anasimulia Wangwe. "Akasema, 'Nifunge nyuzi mbili.' Akacheka kidogo. Tulikuwa hatujafika popote."

Wasikilizaji wapendwa, hamsini na tisa. Hiyo ndiyo jumla, pamoja na yule aliyekataliwa, na aliyeijumlisha ni mama wa samaki. Kwenye mafaili imeandikwa wachache, wachache, wachache. Siku hizi mashua za Sori zinazunguka ziwani bila shakwe wa kuzionyesha njia.

Pole Mzee Wangwe. Pole Mourine, binti yao, na jamaa zote za Karungu na Kehancha. Nanyi mlioketi na redio jioni hii, fikirini: ni mara ngapi umesema "huyo si wangu", ukafunga mlango?

Yule ndege wa nyuzi mbili, Wangwe amekuja naye, amemviringisha kwenye gazeti. Yuko hapa mezani, kando ya chai iliyopoa. Ofisi zote tatu zina redio, tunajua. Njooni mmchukue.