Hitaji Nililolitoa Bila Ruhusa

Shikamooni wakubwa zangu. Wazazi wenzangu wa kikundi hiki, habari za asubuhi. Karatasi hii imechorwachorwa kwa kalamu nyekundu, na sababu nitawaeleza nikifika mwisho.

Nina binti wa miaka kumi na sita. Tunakaa huku juu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Mwaka juzi alibadilika. Alikataa shule, akakataa chakula. Nilimfokea, nikamnyang'anya simu, nikamwita mjomba wake amkanye. Mjomba akaondoka akisema, "Dada, huyo ni jeuri tu." Lakini mimi nilikuwa namsikia akilia bafuni. Ndugu zangu, nawaambia, hakuna unyonge kama kusimama nje ya mlango wa mtoto uliyemzaa, ukakosa hata neno la kubishia hodi.

Siku moja tukimenya ndizi, akanieleza jambo. Zito. Akasema, "Mama, usimwambie mtu." Nikamwapia.

Sasa, jumuiya zetu mnazijua. Tunasali nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba hutaja hitaji lake ili aombewe. Alhamisi ile zamu ilikuwa yangu. Nikajiambia, kumpelekea Mungu siyo kusengenya. Nikalisema lote mbele ya akina mama, huku nalia. Nilipoinua uso, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai.

Aliitua taratibu. Akasema, "Karibuni chai." Akatoka, na usiku ule hakurudi.

Siku ya nne ndipo nilisikia yuko kule chini mjini, mtaa wa Sakina, kwa rafiki yake. Nilikwenda, hakunifungulia. Alisema akiwa ndani, "Mama, nenda ukaombewe."

Nilirudi nyumbani sijui pa kushika. Mama mmoja wa jumuiya hakunipa ushauri wowote. Alinishika mkono tu, akanipeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa kata. Nikamwambia yule afisa, "Nisaidie umrekebishe." Akaniuliza, "Na wewe utakuja?" Nikashangaa. Nije kufanya nini, wakati mwenye shida ni mtoto?

Yeye mwenyewe alimfuata binti yangu Sakina, mara tatu, mpaka akakubali. Ofisini kwa afisa tulikutana kila wiki, na kanuni ilikuwa moja: mzazi haongei mpaka mtoto aseme amemaliza. Wiki ya kwanza mtoto hakusema kitu. Ya pili vilevile. Saa nzima naangalia viatu vyake, mdomo unaniwasha.

Wiki ya tatu akasema, "Ile chai niliipika mimi. Niliweka tangawizi kwa sababu unaipenda. Nimemaliza."

Maelezo yote niliyokuwa nimeyapanga yakayeyuka. Nikasema, "Nilikosea, mwanangu." Sikuongeza neno. Siku hiyo tulirudi nyumbani pamoja.

Sisemi amepona. Shule anakwenda, lakini zipo siku bado hali chakula, nami nakaa nje ya mlango wake nikisubiri. Tofauti ni kwamba sasa anajua nipo, na mimi najua kunyamaza. Namshukuru yule afisa, na yule mama aliyenishika mkono, nanyi mnaokaa nami hapa kila Jumamosi bila kunihukumu. Mzazi mwenzangu, usingoje mpaka mtoto aondoke ndipo utafute msaada. Na ukienda, usimpeleke mtoto kama redio kwa fundi. Kaa naye.

Karatasi hii nilimpa jana aisome kwanza. Lile jambo lenyewe nilikuwa nimeligusa kwa mbali, akalifuta. Mengine mengi amefuta. Chai ameiacha, na pembeni ameandika, "Hii sema."

Hayo ndiyo niliyoruhusiwa. Nimemaliza.