Mayai ya Mazoezi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, na mchana ule birika la kahawa lilikuwa limeshajazwa mara ya pili bila mtu kukumbuka kwenda kazini. Ng'ambo ya barabara spika za duka jipya la vyombo zilipiga kelele mpaka vikombe vikacheza: shindano la kula mayai ya kuchemsha, leo leo, mshindi anaondoka na cherehani ya umeme! Kijiwe kilikuwa na mtu wake. Fundi nguo mmoja, anayeshonea mashine ya kukodi, mwembamba hadi wamemwita Sindano, alikaa katikati ya benchi kama bwana harusi, hajatia chakula tumboni tangu jana kwa amri ya makocha wake. Mkewe akatokea konani mbio mbio, mtoto mgongoni, kanga imelegea, pumzi juu juu.

– Baba mtoto, kumbe ni kweli! Nimeambiwa bombani nikasema hapana, si mume wangu, mume wangu mimi chai tu inampalia, ataweza wapi mayai ya kushindana, yai kavu lile, kiini kinaganda kooni, halafu mimi nibaki na kichanga hiki hata kukaa hajajua, jamani!

– Shemeji, salama kwanza, alisema Dokta. Udaktari hakuusomea, alilinda geti la hospitali mpaka akastaafu, na anaamini elimu yote ilipita pale getini. – Kaa hapa. Mumeo yuko mikononi mwa wataalamu.

Mke akakaa pembeni, karibu na muuza mayai wanayemwita Trei. Trei alikuwa amemenya mayai ya mazoezi, ametengeneza kilima kizuri kwenye sinia, chumvi pembeni.

– Wataalamu gani? Kwa nini yeye? Kwa nini msimpeleke mtu mwenye mwili?

– Hapo ndipo watu wanapokosea, alisema Dokta. – Mnene tumbo lake limebanwa na mafuta kila upande. Sindano huyu ndani ni chumba kitupu, hata kiti hamna.

– Mimi naliona kama tyubu, alidakia Injinia, mwenye kibanda, mikono imejaa grisi hadi viwikoni. – Tyubu iliyokunjwa muda mrefu lazima uiamshe. Ndiyo maana asubuhi nimemnywesha maji ndoo nzima. Sasa hivi tumbo limetanuka, linasubiri mzigo tu.

– Nyie bado mko nyuma, alisema Redio, ambaye hajawahi kushindwa na habari yoyote. – Kuna jamaa, sitaji wapi, alikula kasimama mguu mmoja. Upande wa kushoto ukajaa, akabadilisha mguu, akaanza upande wa kulia upya! Waamuzi wakaomba poo.

– Huyo alikuwa na matumbo mawili?

– Kila mtu anayo mawili, Injinia. Hatuambiwi tu.

Sindano akafungua mdomo aseme neno la kishujaa, ikatoka kwikwi. Kubwa. Mtoto akashtuka mgongoni kwa mama yake, akaanza kulia.

– Mmesikia? alisema mkewe, huku anamtikisa mtoto na roho yake ikipiga kama mlango kwenye upepo. – Mmesikia hiyo? Yai katikati ya kwikwi ni nini kama si kifo?

– Maji mengi hayo, alisema Dokta, akimtazama Injinia kwa jicho baya.

– Njaa hiyo! alijibu Injinia. – Nani alimfungisha?

– Avute sikio, ataje mashemeji wote kwa pumzi moja.

Sindano akavuta sikio. Alifika kwa shemeji wa pili, kwikwi.

– Tumgeuze kichwa chini kama baiskeli, alisema Injinia. – Hitilafu yoyote ukiipindua inajionyesha.

– Mtisheni! alipiga kelele Redio. – Sindano, tajiri wa cherehani ya kukodi kaja kuichukua!

Sindano akaruka. Kwikwi zikaanza kutoka mbili mbili.

– Na kweli ataichukua! alisema mkewe, maneno yakimtoka kwa shida maana mdomo ulikuwa umejaa. – Juzi kaichukua na sketi ya mteja bado iko chini ya sindano, kaondoka nayo inapepea, mwenye sketi analia, mume wangu anakimbia nyuma, mimi niko mlangoni na mtoto sijui nicheke au nilie, mpaka jana kairudisha kwa kubembelezwa, mnadhani siitaki hiyo cherehani ya umeme? Naitaka! Naiota! Lakini ikija na yeye kaenda nitaikanyaga na nani, nitaikanyagia nini, nyie mnafanya mchezo na mtu ninayemtegemea...

– Jamani, alisema Trei polepole. – Mayai yangu yako wapi?

Wakatazama sinia. Kilima hakikuwepo. Palikuwa na chumvi, nayo imepungua. Macho yakahama kutoka kwenye sinia hadi kwenye mkono wa shemeji, ambao ulikuwa bado unapapasa, unatafuta.

Uso ukamwiva kwa aibu.

– Samahanini, kaka zangu. Mimi nikiogopa nakula, wala sijijui. Tangu nijifungue ndiyo kabisa. Mtoto alipopata homa nilimaliza viazi vya siku mbili nimesimama jikoni.

Dokta akainama, akauliza kwa sauti ya chini, kama anaamka kutoka usingizini:

– Umeshiba?

Akajisikiliza kidogo.

– Bado naogopa.

Benchi zima likasimama. Injinia alimwaga kahawa yake na hakujali. Spika zikatangaza nafasi za mwisho za kujiandikisha.

– Mke wangu, kwik, twende!

– Mbele za watu wote wale? Haya. Haya, naenda, kabla sijabadili mawazo. Lakini nani atamshika mtoto?

Dokta aligusa mgongo wake, akaguna. Injinia alitazama grisi. Redio alisogea, mtoto akamwona, akapiga ukelele. Sindano alinyoosha mikono, kwikwi ikampiga, mtoto akaruka kama kapigwa shoti.



– Basi, alisema mkewe, akaifunga kanga upya, akalikaza fundo, akavuka barabara na mtoto wake mgongoni.

Jukwaani wanaume wenye vifua walimpisha wakicheka. Mtangazaji akauliza kama huyo mdogo naye anashindana. Yeye alitazama umati mzima ule, na mkono wake, kabla hata filimbi haijapulizwa, ukaanza kutambaa kuelekea sahani.

– Usiogope, mke wangu! alipaza Sindano kutoka chini. – Usio...

Dokta alimziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

– Nyamaza, bwana! Mwache aogope!