Jezi Safi ya Kocha Kubicek

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Kocha Verlin Kubicek anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika sekondari yetu ya Prairie Bend, hapa Nebraska. Miaka yote, katika timu yetu ya mpira wa Kimarekani, amewafundisha wale watano wa mbele, vijana wanene wasioshika mpira, wanaowasukuma wapinzani ili mbebaji wa mpira apate pa kupita.

Yeye mwenyewe alikuwa mbebaji. Jezi yake, namba 32, imekaa ukumbini ndani ya kioo tangu ubingwa wa 1977, bila kufuliwa, kama desturi yetu ilivyo.

Mimi ndiye mfuaji wa jezi za timu. Wiki yangu ya kwanza, mwanangu mchanga kifuani, nilimsifu mbebaji kwa ushindi. Kocha akanionyesha jezi ya yule kijana, haina hata doa la nyasi. Kisha akainua zile tano za wale wa mbele, zimechanika, zimeganda matope.

“Haya binti yangu, niambie nani alicheza.”

Nikauliza, kwani mbebaji hana maana? Akajibu.

“Anayo. Mlango ukifunguliwa, lazima awepo wa kupita. Ila haujifungui.”

Ndiyo maana kila Jumamosi baada ya ushindi mbebaji huwapikia wale watano chapati za maji. Mwaka mmoja mbebaji aliugua, Kocha akapika mwenyewe, akaziunguza zote. Vijana walizila hivyo hivyo, kwa heshima tu.

Zawadi ya kuagwa aliyoomba ni moja: jezi yake ishushwe, na mahali pake ukutani yaandikwe majina ya watano waliomfungulia njia. Watatu wameshafariki. Mzee Leland Sedlak, mmoja wa wawili waliobaki, yuko kwenye kiti cha magurudumu, na Kocha alitaka alisome jina lake angali hai. Bodi ya shule ilikataa mara mbili. Ukuta ule, ilisema, ni wa mabingwa. Kocha akajibu kwamba basi na sherehe isiwepo. Jumatatu wakakubali.

Mzee Leland alipoambiwa alicheka mpaka machozi. “Verlin, karibu miaka hamsini! Ungekuwa na mwendo huo uwanjani, tusingeshinda hata kuku!”

Jana nililetewa ile jezi niifue. Niliigeuza mbele na nyuma. Vumbi lilikuwepo, lakini doa la nyasi sikuliona hata moja.

Asante, Kocha. Maisha yako nyumbani yawe mema na marefu. Jumamosi za ushindi njoo ule chapati, ila jikoni usiingie.